Bomba la Chini Kabisa

Kaa vizuri, msikilizaji wangu, na kama una chai mkononi usiiache ipoe. Nitakueleza mambo mawili kwa pamoja: namna ya kuandaa mabomba ya maji kabla ya masika, na namna nilivyomwacha mtu mwema abebe kosa langu. Ukiona nakawia kwenye koki na mipira, nivumilie. Nimefundisha shule ya msingi karibu maisha yangu yote ya kazi, na nimezoea kuanza na kitu ambacho mtoto anaweza kukishika mkononi. Jambo lenyewe zito huja baadaye, taratibu, na mara nyingi likifika msikilizaji huwa ameshalielewa kabla sijalitaja.

Wiki iliyopita nilikuwa uani kwangu, Kilakala, Morogoro, nikianika mchicha, simu ikaita. Alikuwa Perpetua. Nilimfundisha darasa la saba, na leo ana watoto wakubwa kuliko alivyokuwa yeye siku zile. "Mwalimu, shikamoo," akasema. Nikaitikia marahaba, nikauliza mama anaendeleaje. "Mama ametutoka, Mwalimu. Leo alfajiri. Maziko kesho saa nane. Mjomba Kaspari amesema uambiwe." Nikasema inna lillahi, nikakaa chini pale pale kwenye jamvi la mchicha. Kutoka uani kwangu mlima unaonekana wote, na siku ile mawingu ya kwanza ya masika yalikuwa yameshakaa begani mwake. Jambo la kwanza nililowaza, Mungu anisamehe, halikuwa jeneza wala yatima. Niliwaza: leo angekuwa anapanda kwenda kufunga koki.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipopangiwa shule ile ya kijiji cha misheni, juu kabisa ya mlima ule, mahali ambapo Julai unavaa sweta mbili na bado unakaa karibu na moto. Nilitokea Singida. Walimu watatu walikuwa wameshatoroka kabla yangu, mmoja wao bila hata kuaga. Mama Perpetua akanipa chumba cha upande wa jiko. Ukuta wa udongo haukufika juu hadi kwenye bati, kwa hiyo moshi na maneno vilipita bila kubisha hodi. Asubuhi ya kwanza niliamka nikisikia wanawake wakicheka jikoni. Mmoja alikuwa akisema, "Mwalimu wako anaoga kwa kikombe, nimesikia mwenyewe. Mwaa! Halafu kimya. Mwaa! Halafu kimya. Nikadhani anamwogesha kifaranga." Mama Perpetua akajibu, "Mwacheni. Kwao maji yanafuatwa kwa punda." Yule mwingine akasema, "Basi mwambie huku yanatufuata sisi." Wakacheka tena, nami nikacheka kwa upande wangu wa ukuta, wakanisikia, wakanyamaza kwa aibu. Kisha Mama akasukuma mlango kwa kiwiko, ameshika bakuli la magimbi ya kuchemsha na kikombe cha chai ya mchaichai. "Kula, Mwalimu. Umeshatusikia, sasa umekuwa mwenyeji."

Watu walimwita Mama Koki. Maji ya kijiji yalitoka kwenye kijito juu ya mashamba, yakakusanywa kwenye banio dogo la mawe na saruji, yakapita kwenye koki moja kubwa, kisha yakashuka ndani ya mpira mweusi hadi kwenye mabomba saba ya kijiji, moja likiwa uani kwetu. Koki ile haikuwa na mkono wake wa kuzungushia. Walikuwa wameuondoa makusudi, ili asiye na spana asiweze kuigusa. Spana ilikuwa moja, na ilikaa kwa Mama Perpetua miaka kumi na mmoja. Mpini wake aliuzungushia tyubu ya baiskeli ili chuma kisimwume mkono wakati wa baridi. Ilitundikwa kwenye msumari juu ya mafiga, ikawa nyeusi kwa moshi, na kila ilipokosekana kwenye msumari kijiji kilijua Mama yuko juu.

Mwisho wa Februari alinichukua tukaandae njia ya maji. Kule kwetu masika ni jambo la kuombewa. Kule mlimani ni jambo la kujiandalia, kwa sababu mvua hushusha udongo, mawe na magogo, na mpira wa maji uliolala wazi hauponi. Tulitembea kutoka banio hadi bomba la mwisho, siku tatu nzima. Palipokuwa wazi tulichimba tukaufukia. Palipovuka korongo tuliuinua na kuufunga kwenye nguzo ili mkondo upite chini yake. Ungio lililolegea alilikata. Akapasha ncha moja juu ya makaa hadi ikalainika, akaivisha haraka juu ya ncha ya pili, kisha akaikaza kwa tyubu, akivuta kwa meno. "Shika hapa, Mwalimu. Si kwa vidole vya chaki. Shika kama unamshika mbuzi wa watu!" Nyumbani tulitoa majani kwenye mfereji wa bati, tukasugua mapipa kwa majivu, tukayapanga chini ya paa. Aliniambia mvua ya kwanza tuiache imwagike, ioshe bati, ya pili ndiyo tukinge. Kila kitu alinieleza sababu yake, nami niliyapenda maelezo yake kuliko ninavyoweza kukuambia, kwa sababu hakuwahi kunifanya nijione mjinga.

Jambo moja tu hakulieleza. Mawingu yalipogeuka rangi ya sufuria kuukuu alipanda akafunga koki, ili tope na mchanga visiingie kwenye mpira, kisha akashuka akipita bomba kwa bomba, akiyafungua yote. Nilimwuliza kwa nini afungue bomba ambalo halina maji. Alikuwa amebeba kuni kichwani na mvua inakaribia. Akasema, "Yapumue," akapita. Nami, ninayewaambia watoto kila siku kwamba swali la pili ndilo lenye jibu, sikuuliza la pili. Mabomba saba yakakaa vinywa wazi siku mbili, na kila nilipopita karibu na moja, mkono wangu wa Singida uliniwasha. Kwetu bomba lililoachwa wazi ni fedheha. Mtoto huchapwa kwa hilo.

Mvua ilikatika Alhamisi. Ijumaa Kuu kijito kilikuwa kimeshatulia, nilikiona mwenyewe, unaweza kuhesabu kokoto chini ya maji. Mama alisema atafungua Jumamosi asubuhi. Goti lilikuwa linamsumbua, na kwa kuwa mvua ile ya kwanza hatukuikinga, siku zote mbili alikuwa ameteka maji mtoni na kupanda nayo. Saa nane na nusu kijiji chote kilielekea kanisani kwa ibada ya saa tisa, yeye na Perpetua wakiwa mbele na khanga zao safi. Mimi Mwislamu, nilibaki. Jikoni palikuwa na chungu cha maharage ya njano, chakula cha siku ya mfungo, na ndoo yenye maji ya kufika kifundoni. Nikatazama ile ndoo, nikatazama spana msumarini. Nilitaka arudi akute maji yanatoka uani. Nilitaka asipande tena na lile goti. Ukiniuliza leo kwa nini nilifanya, hilo ndilo jibu lote, na halijawahi kunisaidia.

Nilianza na mabomba. Nilipita yote saba nikayafunga, tena kwa nguvu, yasije yakamwaga maji ya watu wakiwa wanasali. Hakukuwa na mtu njiani. Sauti ya kwaya ilinifuata hadi mashambani. Nikapanda hadi kwenye banio, nikatia spana, nikazungusha hadi mwisho wake kwa mkupuo mmoja. Maji yakaingia kwa kishindo, nikafurahi kama mtoto. Nilishuka nikairudisha spana msumarini, nikakaa kizingitini kusubiri. Kwanza nikasikia mlio mbali, kama mtu anagonga ubao: ngo, ngo. Ukakaribia. Kisha kitu kikapasuka juu ya shamba la Mzee Kaspari, na baada ya hapo kimya. Nilijiambia ni tawi limeanguka. Nilikaa pale muda mrefu, naona aibu kukuambia muda gani, nikisubiri bomba letu lianze kutoa maji. Nilipoinuka kwenda kutazama, tuta la karoti na kabichi lilikuwa linateremka polepole, zima zima, na majani yake bado yamesimama, likiuburuta mpira pamoja nalo na kuziba njia.

Mama alikuwa wa kwanza kufika nyumbani. Hakukimbia kwenye maporomoko kama wenzake. Alikwenda moja kwa moja uani, akaligusa bomba, akanigeukia. "Nani ameyafunga?" Nikasema, "Mimi, Mama. Nilitaka ukirudi ukute maji." Akalifungua. Likatoa pumzi ndefu, fyuuu, bila tone. Alisimama akiisikiliza ile pumzi hadi ikaisha, halafu akanieleza, kwa sauti ile ile ya Februari, kana kwamba tuna siku tatu mbele yetu. Mpira mtupu si mtupu, umejaa hewa. Maji yanapoingia yanaisukuma hewa ishuke. Ikikuta mabomba wazi inatoka. Ikikuta yamefungwa inabanwa, inarudi, inagongana na maji, na ungio dhaifu kuliko yote ndilo linalolipa. "Ningekuambia siku ile," akasema. "Kuni zilinielemea."

Nilimwambia nitakwenda kusema. Alikuwa anapakua ugali na maharage. Akaniwekea sahani mbele yangu ndipo akajibu: "Hutasema." Nikasema lazima. "Nisikilize, Mwalimu. Walimu watatu wameshakimbia hapa. Kesho watu wakijua ni wewe, watakuwa na hasira, na mkuu wako atakuhamisha ili yaishe. Perpetua ana mtihani mwaka huu. Wenzake ishirini na sita wana mtihani. Mimi nimezaliwa hapa. Watanikasirikia, watachoka." Perpetua alikuwa nje akiwafukuza kuku, hakusikia. Nami nikachukua tonge. Hilo ndilo tendo ninalolikumbuka kuliko lile la koki: kwamba nilichukua tonge, nikala, na ndani ya kifua changu kitu kilikaa sawa, kwa nafuu.

Jumamosi asubuhi walikutana mbele ya kanisa. Mzee Kaspari ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa maji, na ndiye kaka wa Mama Perpetua, mjomba wa nyumba. Kwa Waluguru ukoo na ardhi hupita kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli, kwa hiyo neno lake siku ile lilikuwa na uzito mara mbili. Akauliza, "Dada, spana iliwekwa wapi?" "Jikoni kwangu, mahali pake." "Nani alifungua koki?" "Spana ninayo mimi, Kaspari. Unamtafuta nani mwingine?" Mwanamke mmoja nyuma akasema, "Haraka ya Pasaka hiyo! Kafungua, kaja kuimba." Mwingine akasema, "Na sauti yenyewe hana." Wengine wakacheka, lakini kicheko cha hasira. Mzee Kaspari akanyoosha mkono. Mama akafungua fundo la khanga yake, akatoa spana, akampa. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la wageni, hatua kumi kutoka kwake. Hakunitazama hata mara moja, ili watu wasitazame nilipo.

Wiki tatu kijiji kilikunywa maji ya mtoni ya masika. Watoto wawili waliugua matumbo wakashushwa kwa machela hadi zahanati. Walipona, lakini mama zao hawakusahau. Wala watu hawakuchoka kukasirika kama alivyodhani. Lile jina lililokuwa la heshima likawa la kejeli. "Mama Koki, leo unamfungulia nani?" waliuliza mtoni, na mwanzoni alijibu kwa mzaha, "Ninamfungulia mumeo," wakacheka wote. Baadaye akaanza kwenda kuteka saa ambazo wenzake wako shambani. Asubuhi jikoni pakawa kimya. Nililala kitandani nikisikiliza moto tu. Magimbi makubwa aliendelea kuniwekea mimi. Nilifundisha mwaka ule kama mtu anayelipa faini, masomo ya ziada hadi Jumamosi, na Perpetua akafaulu, akaenda sekondari, na wengine tisa pamoja naye. Hilo lilitosha kuwa faraja kama ningebaki. Lakini mwaka ulipoisha niliomba uhamisho. Yaani alitoa jina lake ili mwalimu asiondoke, na mwalimu akaondoka. Nilipoaga alinifungia ndizi za kupika na kusema, "Umejitahidi, mwanangu." Sikuwa nimewahi kuitwa mwanangu naye.

Miaka ilipita, nikarudi Morogoro, nikawa napanda kumwona mara moja kwa mwaka na sukari na sabuni. Kila safari nilipanda nikiwa na maneno yangu tayari, na kila safari nilishuka nayo. Hakuwahi kunikumbusha. Alikuwa ananiuliza habari za wanangu.

Siku ya maziko, basi, nilipanda kwa bodaboda hadi njia inapoishia, nikamalizia kwa miguu. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha usiku wa kuamkia siku ile, na nilipita bomba la kwanza nikakuta liko wazi na kavu. Desturi yake imebaki, nikawaza. Kabla jeneza halijatoka uani walisoma wasifu. Kijana wa jumuiya alisoma vizuri, kwa sauti safi: amezaliwa, amebatizwa, ameolewa, amefiwa na mume. "Alitunza koki ya maji ya kijiji kwa miaka kumi na mmoja, hadi mpira ulipopasuka kwa kosa la mikono yake, na kijiji kikamsamehe." Watu wakatikisa vichwa kwa upole. Ndiyo ile huruma wanayopewa wafu. Na nikaona kwamba neno lile likifukiwa pamoja naye litabaki kuwa kweli.

Nikasimama. Nikasema naomba kusahihisha. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, ndiyo pekee niliyonayo. Nikawaeleza kila kitu, mabomba saba, kwaya, spana, tonge. Nikawaeleza hata hewa inavyobanwa, kwa sababu nilitaka waelewe kwamba yeye asingeweza kulifanya kosa lile, lilikuwa kosa la mtu wa nchi kame. Mzee Kaspari, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinitazama hadi nikadhani hanioni. "Mbona leo, Mwalimu?" akasema. "Mwenyewe hasikii." Akaendelea, si kwangu, kwa jeneza: "Mimi ndiye niliyenyoosha mkono." Akarudia mara mbili. Kisha akamwambia yule kijana achukue kalamu, afute ule mstari, asome upya. Kijana akasoma upya, na tukaenda kuzika.

Perpetua hakusema nami hadi tuliporudi makaburini. Nilimkuta jikoni, amesimama mbele ya mafiga. Akasema bila kugeuka, "Nilikuwa nawachukia wale waliomcheka. Mwaka mzima nilikuwa nawachukia, wewe ukinifundisha." Nikasema, "Ndiyo." Akasema, "Alifanya kwa ajili yangu, halafu ukamsaidia kunificha." Nikasema ndiyo tena. Hakulia, wala hakunisamehe, na sikumwomba, kwa kuwa siku ile haikuwa ya maombi yangu. Nje wanawake walikuwa wanauliza maji ya kupikia waombolezaji yatatoka wapi. Koki ilikuwa bado imefungwa kwa sababu ya mvua ya usiku, lakini kijito kilikuwa kimetulia. Mzee Kaspari akamtuma mtu ofisi ya kijiji. Spana ikaja. Ile ile, na tyubu yake kwenye mpini, imepasuka pasuka kwa uzee. Hakuipokea. Akasema apewe Perpetua.

Perpetua akaishika kidogo, akaipima uzito. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Twende," akasema. "Lakini tunaanzia chini." Tukashuka pamoja hadi bomba la mwisho la kijiji, tukapanda moja baada ya jingine, yeye akishika kila moja na mimi nikihakikisha nyuma yake. Yote yalikuwa wazi. Kule juu alinipa spana, nami nikaizungusha robo, nikangoja, robo nyingine, nikangoja. Tulisimama kwenye ukungu tukisikiliza hewa ikishuka kuelekea nyumbani kwa Mama.

Nawe, msikilizaji wangu, masika yakikaribia kwenu, fanya hivi. Kabla hujarudisha maji kwenye mpira uliokauka, fungua mabomba yote, ukianzia la chini kabisa. Fungua koki kidogo kidogo. Acha kila bomba likohoe hadi limalize, na usilifunge mpaka maji yatoke mfululizo, bila hewa.